Paswedi imevuja na hujui imetokea wapi? Kachungulie logi zako kwanza

Saa nne usiku simu inaita, ni mama mmoja ana stoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, mteja wangu wa siku nyingi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu bila hata kupumua: "Fundi, kuna mtu kaingia kwenye mfumo wangu kabadilisha bei za magunia, na paswedi sijampa mtu, hata mume wangu haijui." Nikamuuliza yale ya kawaida, umeiandika kwenye kikaratasi? hapana, kijana wa kaunta anaijua? hapana, kuna linki yoyote umebonyeza siku hizi ikakwambia uingie upya? hapana. Na paswedi yenyewe ilikuwa ndefu kweli, maneno ya Kisukuma yameunganishwa na namba, hiyo hakuna mtu wa kuibahatisha hata akae mwaka mzima. Nikafungua laptopu, huku Igoma umeme ulikuwa umekatika na betri iko 30%, nikaingia kwenye seva, na kabla ya saa sita nikawa nimeikuta paswedi ya mama wa watu, herufi kwa herufi, imekaa tu ndani ya faili la logi, lile daftari ambalo programu inaandika kila kinachotokea. Aliyeiweka humo ni mimi.

Ntaeleza nilivyoiweka, ila kwanza tuelewane kitu kimoja maana ndo kinachotuchanganya wengi. Tunajiambia databesi yangu ina hashi (paswedi inasagwa kabla ya kuhifadhiwa, hairudishiki), tovuti yangu ina kufuli la HTTPS, basi niko salama. Sasa fikiria gunia la dagaa linatoka Ukerewe, limeshonwa mdomo, kwenye boti hakuna anayeona ndani, sawa. Likifika Mwaloni ni lazima lifunguliwe ili mzigo ukaguliwe na upimwe, na hapo kila aliyesimama pembeni anaona. HTTPS ni ule uzi wa safari ya majini. Hashi ni stoo yenye kufuli. Katikati pale kwenye mizani paswedi iko wazi kabisa kwenye memori ya seva, na karani wa mizani, yaani logi, yeye kazi yake ni kuandika tu, ukimwambia andika kila kitu anaandika kila kitu.

Na sio sisi wa mifumo ya dagaa tu. Mei 2018 Twitter waliwaomba watumiaji wao wote, kama milioni 330, wafikirie kubadilisha paswedi kwa sababu bagi, yaani kosa kwenye programu, ilikuwa inaziandika kwenye logi ya ndani kabla hashi haijakamilika, wakati hashi yenyewe walikuwa wanatumia bcrypt, nzuri tu. GitHub walishatangaza kitu cha namna hiyohiyo siku chache kabla, kwa watu wachache waliobadilisha paswedi. Machi 2019 ikawa zamu ya Facebook, mamia ya mamilioni ya paswedi kwenye mifumo ya ndani bila kusimbwa, na 2024 tume ya taarifa ya Ireland ikaipiga Meta (wenye Facebook) faini ya euro milioni 91 kwa hilo hilo. Kwenye CWE, orodha ya aina za udhaifu wa programu, tatizo hili lina namba yake kabisa, 532.

Sasa unalitafutaje.

Kwanza tupa chambo

Usianze kwa kusoma logi mstari kwa mstari, utakesha. Tengeneza akaunti ya uongo, mpe paswedi ambayo haipo popote duniani, mimi natumia kitu kama SangaraNansio7741kk, na hakikisha ni herufi na namba tupu maana ukiweka alama kama @ au & inaweza kuandikwa kwenye logi kwa sura nyingine (%40) halafu ukaitafuta usiione ukadhani uko salama. Kisha pita nayo kila mlango: jisajili nayo, ingia vizuri, ingia kwa kukosea, ibadilishe, bonyeza "nimesahau paswedi" uweke mpya, halafu makusudi kabisa iandike kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji. Kama kuna programu ya simu, rudia yote kwa simu. Watu wanajaribu kuingia tu basi, wakati mara nyingi kinachovuja ni ule ukurasa wa kubadilisha, ambao umeandikwa haraka haraka mwishoni.

Ukimaliza, kaivue kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili:

`grep -rlF "SangaraNansio7741kk" /var/log /var/www /home 2>/dev/null`

Logi za zamani zilizobanwa kuwa .gz hiyo haizisomi, tumia zgrep. Jarida la systemd nalo limehifadhiwa kwa namna yake, linatakiwa lipitie journalctl ndo uchuje kwa grep. Databesi pia, kuna mifumo inaandika logi kwenye jedwali, toa bakapu kwa mysqldump uipitishe kwenye grep. Na kama API yako inatumia ile njia ya Basic, jina na paswedi vinaunganishwa kwa nukta mbili vinageuzwa base64, kwa hiyo geuza na wewe (`printf 'jina:paswedi' | base64`) utafute hicho kinachotoka. Base64 sio kusimba jamani, ni kuvaa shati nje ndani.

Kitu kimoja nakuomba, usitafute kwa paswedi ya kweli ya mteja. Ukiandika `grep "paswedi ya mama"` hiyo amri inakwenda kulala kwenye .bash_history, umekuja kuzima moto umewasha mwingine. Ndo maana tunatumia sangara wa uongo.

Sasa inategemea chambo kimeibukia wapi.

Dalili: ipo kwenye logi ya programu yenyewe, kila mtu akiingia inaandikwa

Hii ndo yangu. Tulihamisha seva, baada ya kuhama watu wakawa hawawezi kuingia, nikaweka mstari mmoja kwenye kodi (sio ya TRA) nione nini kinafika: `Log::info($request->all())`. Nikaona tatizo, nikarekebisha, nikalala. Ule mstari ukabaki. Ilikuwa ni miezi saba, kila anayeingia asubuhi stoo paswedi yake inaandikwa na saa na dakika.

Dawa sio ngumu, taja unachotaka badala ya kuchukua vyote: `$request->only('email')`. Mimi siamini tena ile ya `except('password')`, maana ukija kuongeza kisanduku kingine cha siri kesho utasahau kukitoa. Halafu kagua kodi yote kwa maneno kama `->all()`, `print_r`, `var_dump`, `console.log`, na `error_log`.

Ila kuna jambo hapa linatuhusu sisi zaidi kuliko wenzetu, na sijaona likisemwa sana. Fremuweki nyingi na zile huduma za kukusanya makosa zina chujio la kuficha siri, Rails kwa mfano ina `filter_parameters`, ukipita na kisanduku chenye "passw" kwenye jina inaandika [FILTERED]. Nzuri sana. Sasa wewe mzalendo umeita kisanduku chako `nywila`, au `neno_siri`, au `namba_ya_siri`, chujio linajua Kiingereza tu, linakiangalia linakiacha kipite kama abiria mwenye tiketi. Nimeshakutana na hii kwenye mifumo miwili tofauti, yote imeandikwa vizuri, devu wa watu alikuwa na uhakika anachuja, na kweli alikuwa anachuja, ila alikuwa anachuja neno ambalo halipo kwenye fomu yake. Kwa hiyo fungua fomu zako, orodhesha majina ya visanduku vya siri kama ulivyoviita wewe, uyaongeze kwenye chujio kwa mkono. PIN na OTP usizisahau.

Dalili: ipo kwenye access.log, lakini ya watu wachache tu

Hii ilinisumbua kuliko zote. Mfumo mwingine, kikundi cha akiba na mikopo, kwenye access.log ya Nginx (programu ya seva inayopokea wageni, na hiyo ni logi yake ya kila kilichoombwa) zilikuwepo paswedi za wanachama kama kumi na kitu kati ya mia na zaidi. Kodi safi. Fomu inatuma kwa JavaScript, POST (njia inayobeba data ndani, sio kwenye anwani), kila kitu sawa. Nikijaribu hapa mjini hakuna kinachovuja, nikijaribu tena hakuna. Nikaenda mpaka kuhisi kuna mtu kaingilia seva.

Nikaja kuwaangalia wale kumi na kitu ni akina nani. Wote wako visiwani.

Kumbe fomu yangu nilikuwa nimeiandika `<form>` tupu, bila kusema `method`, kwa sababu nilijua JavaScript itaidaka kabla haijaondoka. Mjini mtandao uko fasta, JavaScript inashuka, inaidaka. Kule kisiwani mtandao unasuasua, ukurasa unaonekana, visanduku vinaonekana, ila faili la JavaScript bado linatambaa, mtu ameshajaza keshabonyeza Ingia. Brauza ikikuta fomu haijaambiwa itume kwa njia gani inatumia GET, na GET inabandika kila kitu kwenye anwani: `/ingia?jina=...&paswedi=...`. Nginx kwa kawaida haiandiki mwili wa POST lakini anwani nzima inaiandika, hiyo ndo kazi ya access.log. Na haiandiki mara moja, maana ukurasa ukishafunguka na anwani hiyo, kila picha na kila faili la mtindo linaloombwa baada ya hapo linabeba ile anwani kwenye Referer (sehemu inayosema umetokea ukurasa gani), kwa hiyo paswedi moja unaikuta mistari minane tisa.

Na inabaki kwenye historia ya brauza pia, sasa mtu kama aliingilia kwenye kompyuta ya steshenari, wanaomfuata wote wanaweza kuiona wakianza kuandika anwani.

Dawa: `method="post"` na `action` ya kweli kwenye kila fomu, hata kama JavaScript ndo inayofanya kazi. Kupima, fungua brauza, zima JavaScript, bonyeza Ingia, angalia anwani juu. Au panda boti uende Ukerewe. Mi nilizima JavaScript.

Dalili: haionekani siku zote, inaonekana siku mfumo ukianguka

Ukiona chambo hakipo ila ukipitia logi neno la siri la databesi linaibuka, hasa siku ile MySQL ilizimika, basi ni zile kumbukumbu za makosa. PHP ikipata kosa lisilodakwa inaweza kuandika njia nzima iliyopita pamoja na vilivyokuwa mkononi, unakuta `PDO->__construct('mysql:host=...', 'root', 'siri yenyewe')`. Kwenye php.ini kuna `zend.exception_ignore_args`, ilikuja na toleo 7.4, iweke On kwenye seva ya kazi. Kuanzia PHP 8.2 unaweza kuweka `#[\SensitiveParameter]` mbele ya kigezo na thamani yake haitaandikwa. Na APP_DEBUG iwe false, hili tunaambiana kila siku na kila siku naikuta true.

Dalili: ipo kwenye auth.log kama jina la mtumiaji

Hapo hakuna bagi, ni wewe uliandika paswedi pale ilipotakiwa jina, mkono ulitangulia. SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ikaandika kwa uaminifu "Invalid user" ikafuatia paswedi yako. Huwezi kuizuia, badilisha hiyo paswedi, au bora uhamie kwenye funguo za SSH uachane na haya mambo.

Dalili: tovuti ni WordPress na hujaandika kodi yoyote

Basi angalia plagini. Julai 2023 ile ya All-In-One Security, plagini ya ulinzi kabisa, yenye tovuti zaidi ya milioni moja, iligundulika toleo 5.1.9 linaandika paswedi za wanaoingia zikiwa wazi kwenye databesi, wakarekebisha kwenye 5.2.0. Mlinzi anaandika namba za kufuli ukutani. Septemba 2024 LiteSpeed Cache nayo, hii haikuwa paswedi ila ni vidakuzi (cookies, ndivyo vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia) vya watu waliokwisha ingia, vilikuwa vinaandikwa kwenye debug.log pale mtu alipowasha dibagi, ikatibiwa kwenye 6.5.0.1. Kidakuzi ukikipata huna haja ya paswedi.

Fungua brauza andika anwani ya tovuti yako ukiongeza `/wp-content/debug.log`. Kama kinafunguka au kinashuka, na wengine wanakifungua, kuna roboti zinazunguka intaneti nzima kazi yao ni kuomba hilo faili tu. Zima WP_DEBUG_LOG, au ipe njia ya faili lililo nje ya folda ya tovuti.

Hapo ndo narudi kwa mama. Kuandika paswedi kwenye logi lilikuwa kosa la kwanza, la pili lililomwingiza mtu ni kwamba domeini niliielekeza kwenye folda la mradi mzima badala ya `public`, kwa hiyo yeyote akiandika `/storage/logs/laravel.log` anaisoma, na .env, faili la siri za mradi, pia. Nikaangalia access.log nikaona limeombwa mara nyingi na anwani za ajabu, majibu yote 200, yaani wamepewa. Makosa mawili madogo, kila moja peke yake pengine lisingefanya kitu.

Simu na vingine, haraka haraka

Programu ya Android ikiwa na ule mchujo wa OkHttp (maktaba ya kutuma maombi mtandaoni) wa kuandika mazungumzo kwenye kiwango cha BODY, kila kinachotumwa kinaandikwa. Weka NONE kwenye toleo linalokwenda kwa watu, na tumia `redactHeader` kwa Authorization. Kuanzia Android 4.1 programu nyingine za kawaida haziwezi kusoma logi za mwenzao, lakini ripoti ya kuanguka inayotumwa nje inaweza kuzibeba. Kwenye seva, `mysql -u root -pSiriYangu` inabaki kwenye historia, andika `-p` tupu ikuulize. Na general_log ya MySQL, inayoandika kila ombi la databesi, kama uliiwasha siku moja kutafuta tatizo, kaizime sasa hivi.

Umeikuta. Sasa usikimbilie kufuta

Hapa ndo wengi tunaharibu, ukiona aibu yako unaifuta kwanza. Ukifuta hujui tena ni akina nani walioathirika na tangu lini. Nakili logi sehemu moja iliyofungwa, ukiwezekana isimbe kwa gpg, toa orodha ya watumiaji na tarehe.

Halafu ziba chanzo, yaani ondoa ule mstari, kwa sababu ukiwaambia watu wabadilishe paswedi wakati logi bado inaandika, wanakuletea mpya humo humo. Kisha lazimisha paswedi zibadilishwe, na ukate vikao vyote vilivyo wazi, aliyeingia asibaki ndani anakunywa chai. Funga mlango wa logi kusomeka kwa brauza. Ruhusa za faili ziwe 640 (wengine wasisome), sio 777 (kila mtu) uliyoweka siku ile ya "permission denied".

Baada ya hapo ndo usafi. Tumia `truncate -s 0` kuliko `rm`, maana ukifuta faili ambalo programu bado imelishika, inaendelea kuliandikia huko huko kusikoonekana na nafasi ya diski hairudi. Safisha na .gz, na bakapu, na flashi ya bakapu iliyoko kwenye droo. Kama uliwahi kusukuma logi kwenye Git, kulifuta leo hakuliondoi kwenye historia, hesabu hiyo siri imekwenda, badilisha. Na sehemu moja zaidi ambayo hamna mwongozo wa nje utakaokutajia: magrupu ya WhatsApp. Nilikuta nilishatuma kipande cha logi kwenye grupu la mafundi, "wakuu nisaidieni hii error", watu 200 na ushee, na mistari mitatu juu ya error ilikuwa na paswedi ya mtu.

Waambie wenye akaunti, kwa maneno ya kawaida, na uwaambie kama paswedi hiyo wameitumia kwenye barua pepe wabadilishe na huko. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake, usalama wa taarifa za watu ukivunjwa inatakiwa ijulishwe. Najua ukishafika hapo moyo unadunda, hata mimi ulidunda.

Mwisho rudia chambo, na paswedi mpya ya uongo, milango yote. Kwangu mara ya kwanza kilikuwepo sehemu tatu, nikarekebisha, mara ya pili kikabaki kwenye jedwali moja la databesi ambalo nilishasahau kama lipo, mara ya tatu grep ikarudi kimya.

Mama nikampelekea taarifa mwenyewe Mwaloni, nikamwambia ukweli kwamba ni mimi, akaniangalia, akasema haya, umekuja kusema. Siku tatu baadaye kapiga tena: "Mwanangu, ile paswedi yangu ya mwanzo nilishaizoea, si umeshasafisha? Niirudishe?" Nikamwambia hapana mama, ile ishaliwa. "Basi niongeze namba moja tu mbele." Nikaona huyu atafanya kweli, nikafungua ule ukurasa wa kubadilisha paswedi nianze kuandika kodi ya kukataa mpya inayofanana na ya zamani, nikaijaribu ikagoma, na vidole vyenyewe vikawa vimeshaandika `Log::info($req`. Nikavirudisha.